Barua ya wazi: Kijana anayehema haraka asirudishwe nyumbani na Panadol

Kwa Waganga Wakuu wa Mikoa ya Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe na Rukwa, Waganga Wakuu wa Wilaya, na Wakurugenzi wa Halmashauri zote za Nyanda za Juu Kusini.

YAH: NIMONIA KALI YA VIRUSI KWA VIJANA, NA VITU VINAVYOTAKIWA VIWEPO ZAHANATI KABLA YA BARIDI YA JUNI

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Sisi ni matabibu, wauguzi na madaktari tunaohudumu katika mikoa hii, na tunaandika kuhusu kundi la wagonjwa ambalo mipango yetu ya afya hailitaji kwa jina. Kuna mipango ya mtoto chini ya miaka mitano, ipo ya mjamzito, ipo ya kifua kikuu na VVU. Kijana wa miaka 22 aliyeugua mafua Jumatatu na kufika Ijumaa akihema mara 36 kwa dakika hana ukurasa wake.

Kila mwaka kati ya Juni na Agosti wagonjwa wa mafua huongezeka, na wengi hupona wenyewe ndani ya wiki moja. Wachache mafua huwashukia kifuani siku ya nne au ya tano, na ndani ya siku moja au mbili mapafu hushindwa kazi. Homa ya mafua ina historia ya kuua watu wenye nguvu zao. Mwaka 1918 dunia nzima ilizika watu wa miaka 20 hadi 40, na huku kwetu ilipita pamoja na majeshi na wapagazi: Oktoba ya mwaka huo kikosi cha Kijerumani cha Jenerali Lettow-Vorbeck kilipita Ubena, ndiyo Njombe ya leo, kikiwa na wagonjwa wengi wa mapafu, na baadhi yao kikawaacha hapo hapo. Mwaka 2009 virusi vya mafua vya H1N1 viliwalaza tena vijana na wajawazito, wakati wazee wengi walikuwa na kinga ya zamani. UVIKO-19 mnaikumbuka wenyewe.

Tunachoomba ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Chumba cha wagonjwa mahututi kila wilaya kingependeza, lakini wengi wa vijana hawa hupoteza nafasi yao kabla ya kufika huko. Huipoteza pale mlango wa kwanza, ambapo hakuna aliyehesabu pumzi wala kupima oksijeni, na huipoteza barabarani, ambapo mtungi huisha nusu ya safari. Hayo mawili yapo ndani ya uwezo wa halmashauri.

Kwanza tueleze kwa nini kijana hutudanganya macho. Virusi hushambulia ukuta mwembamba wa vifuko vya hewa vya mapafu, kinga ya mwili nayo hujibu kwa nguvu kupita kiasi, na maji ya damu huvujia ndani ya vifuko hivyo. Oksijeni hukosa pa kupita. Hewa ukaa, ambayo hupenya kirahisi zaidi, huendelea kutoka kwa sababu mgonjwa anahema haraka, na kinachomfanya mtu ajisikie kukabwa zaidi ni hewa ukaa inapojaa. Ndiyo maana kijana mwenye oksijeni ya asilimia 82 kwenye damu anaweza kuingia kwa miguu yake, akataja jina, akajibu simu. Moyo wake una nguvu, presha yake inasoma 115/70. Akianza kuchanganyikiwa au presha ikianza kushuka, amebakiwa na saa chache.

Hata vigezo tunavyofundishwa vyuoni havimwoni. Alama za CURB-65, ambazo wengi wetu tunazitumia kuamua nani alazwe kwa nimonia, hutazama kuchanganyikiwa, urea (taka ya damu inayotolewa na figo), pumzi 30 na kuendelea, presha iliyoshuka na umri wa miaka 65. Oksijeni haimo. Kijana anayehema mara 28 na oksijeni yake ni 84 anapata sifuri, na sifuri kwenye mwongozo huo maana yake ni atibiwe nyumbani. Tunaomba maelekezo ya mkoa yaseme wazi kwamba kwa mtu chini ya miaka 50 alama hizo zisitumike peke yake kumrudisha mtu nyumbani.

Pumzi zihesabiwe kwa sekunde 60 kamili, mgonjwa akiwa amekaa, bila kumwambia kwamba anahesabiwa. Kuhesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha mara nne hukosea, na kubahatisha hukosea zaidi. Msimamizi akipitia daftari la wagonjwa wa nje akaona 18, 20, 20, 18, 20 mstari baada ya mstari, ajue hakuna aliyehesabu. Kwa mtu mzima, 22 inatosha kumweka kando aangaliwe upya, na 30 ni hatari.

Kisha oksimeta, kile kipimo cha kidoleni. Huku kwetu kina mitego yake, na mtumishi aliyefundishwa mjini pwani hawezi kuijua asipoambiwa. Mbeya mjini tuko kwenye takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maeneo ya Njombe na Makete hufika mita 2,000 na zaidi. Kwa mwinuko huo, kila pumzi ina oksijeni pungufu karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Mtu mzima wa afya wa Makete anaweza kusoma 94 au 95 akiwa hana ugonjwa wowote, lakini akiugua huporomoka upesi, kwa sababu anaanzia karibu na ukingo.

Baridi nayo huharibu kipimo. Kidole chenye ubaridi hakina damu ya kutosha, na mashine husoma chini au haisomi kabisa. Mkono upashwe moto kwanza kwa dakika tano, kwa kuufunga nguo au kuuweka kwapani mwa mgonjwa mwenyewe, kisha usomwe kwenye kidole cha kati hadi namba itulie sekunde 30 na mapigo yanayoonyeshwa yafanane na yale mnayohesabu kwa mkono. Rangi ya kucha, hina na piko ziondolewe, au itumike ndewe ya sikio kama kipo kipimo chake. Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba oksimeta nyingi husoma juu kuliko ukweli kwenye ngozi nyeusi. Namba 92 kwa mgonjwa wetu inaweza kuwa 88 ndani ya damu.

Mtego mbaya kuliko yote unatoka kwenye jiko la mkaa. Usiku wa Julai watu huingiza jiko chumbani na kufunga dirisha. Mkaa unaofifia hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo hushika damu mahali pa oksijeni, na oksimeta haiwezi kuitofautisha. Mgonjwa anaweza kusoma 98 huku anakufa kwa kukosa hewa. Kwa hiyo kijana mwenye kichwa kinachouma sana, kichefuchefu na kulegea, hasa kama wenzake wa chumba kimoja wanaumwa vilevile, aulizwe habari za jiko kabla namba haijaaminiwa, na awekewe oksijeni nyingi kwa barakoa yenye mfuko hata kama kipimo kinaonyesha vizuri.

Mpaka tunaopendekeza kwa mikoa hii ni huu. Mtu mzima akisoma 94 na kuendelea, na pumzi zake ziko chini ya 22, anaweza kwenda nyumbani na maelekezo. Akisoma 90 hadi 93 asirudi nyumbani: apimwe upya, achunguzwe, alazwe kwa uangalizi au apewe rufaa. Chini ya 90, oksijeni ianze hapo hapo hata kabla ya daftari kujazwa. Mjamzito aanze oksijeni akishuka chini ya 94, maana mtoto tumboni hupungukiwa mapema. Kwa anayesoma vizuri lakini ana homa na kikohozi cha siku nne, atembezwe hatua 40 na kipimo kikiwa kidoleni. Akishuka kwa alama tatu au zaidi, mapafu yameanza kuzidiwa.

Kuna pia mgonjwa wa mkondo wa pili. Mafua yalimshika, akapata nafuu, akarudi kazini siku mbili, kisha homa ikarudi na kutetemeka, kichomi na makohozi ya rangi ya kutu au yenye damu. Hapo bakteria wameingia kwenye mapafu yaliyochubuliwa na virusi, mara nyingi pneumokokasi, na wakati mwingine stafilokokasi, anayetoboa mapafu ndani ya siku moja. Nafuu ikifuatiwa na homa mpya ni dalili ya hatari yenyewe, na tungependa iandikwe kwenye karatasi ya ukutani kila zahanati.

Sasa oksijeni yenyewe. Kwenye vikao husemwa "kituo kina oksijeni" kana kwamba ni jibu la ndiyo au hapana. Ni suala la lita. Mirija ya puani hufaa lita 1 hadi 5 kwa dakika, na kwa lita 5 mgonjwa hupata takriban asilimia 40 ya oksijeni. Barakoa ya kawaida inataka lita 6 hadi 10. Ikiendeshwa chini ya 5 humrudishia mgonjwa hewa ukaa yake mwenyewe. Barakoa yenye mfuko inataka lita 10 hadi 15, na mfuko ubaki umejaa mgonjwa anapovuta pumzi. Ukisinyaa, lita hazitoshi. Mashine ya kuzalisha oksijeni ya lita 5 haiwezi kuendesha barakoa yenye mfuko, na kuifunga humo ni kumkaba mgonjwa. Kijana mwenye nimonia kali ya virusi mara nyingi ni mgonjwa wa lita 10 hadi 15, na vituo vingi vilinunua mashine za lita 5 vikiwafikiria watoto.

Mtungi mdogo wa gari la wagonjwa hubeba takriban lita 680 ukiwa umejaa. Kwa lita 15 kwa dakika huisha ndani ya dakika 45. Makete hadi Njombe ni zaidi ya kilomita 100. Mgonjwa wa Matamba anayeshushwa zile kona hamsini na saba hadi Chimala, kisha apelekwe Mbeya, hawezi kufika kwa mtungi huo. Hesabu iko hivi: lita kwa dakika zidisha na dakika za safari, kisha ongeza nusu yake kwa ajili ya matope, pancha na kusubiri mapokezi. Safari ya saa mbili kwa lita 10 inataka lita 1,800, yaani mitungi midogo mitatu au mmoja mkubwa wa lita 6,800 uliofungwa vizuri kwenye gari. Sindano ya geji ikiwa nusu, lita nazo ni nusu. Dereva na muuguzi waikague pamoja kabla ya kuwasha gari, na spana ya kufungulia mtungi ifungwe kwa mnyororo kwenye mtungi wenyewe, kwa sababu ndiyo hupotea kila siku.

Mashine za kuzalisha oksijeni nazo zina ukomo wa mwinuko ulioandikwa kwenye kitabu chake. Kabla ya kununua kwa ajili ya Makete au Njombe, mhandisi wa vifaa tiba ausome ukurasa huo. Kichujio cha nje kioshwe kila wiki kwa maji na sabuni na kikauke kabisa. Kikiziba kwa vumbi, mashine hupata joto, usafi wa oksijeni hushuka chini ya asilimia 82, nayo huendelea kunguruma kama kawaida. Kipimo cha usafi ni kifaa kidogo, na kimoja kwa wilaya kinatosha kikizungushwa vituoni. Umeme ukikatika, mtungi mkubwa uwe tayari umefungwa kirekebisho chake kando ya kitanda. Ukiwa umefungiwa stoo na mwenye funguo yuko nyumbani, haumsaidii mgonjwa.

Mgonjwa akiwa macho na ana oksijeni puani, alazwe kifudifudi, mto chini ya kifua na mwingine chini ya nyonga, saa moja au mbili kwa mkupuo kadiri anavyovumilia, kisha ubavu, kisha tena. Sehemu za nyuma za mapafu, zilizokuwa zimekandamizwa, hufunguka. Haigharimu hata shilingi. Mjamzito wa miezi ya mwisho alale ubavu wa kushoto.

Kuhusu dripu tutasema bila kuzunguka. Ndugu wengi wakifika wodini wanataka waone dripu inaning'inia, na mtumishi aliyechoka huwapa. Kijana mwenye nimonia ya virusi, asiyetapika wala kuwa na presha ya chini, akitundikiwa lita tatu kwa siku, maji hayo huishia kwenye mapafu yanayovuja. Presha ikishuka, apewe mililita 250 hadi 500, kisha asikilizwe mapafu na kuhesabiwa pumzi kabla ya chupa nyingine. Anayeweza kunywa, anywe.

Steroidi, dawa za kutuliza kinga ya mwili, nazo zimekuwa mazoea tangu UVIKO-19. Deksamethasoni miligramu 6 kwa siku ilisaidia wagonjwa wa UVIKO waliohitaji oksijeni. Kwa homa ya mafua haijaonyesha faida hiyo na inaweza kudhuru, isipokuwa mgonjwa ana pumu au sababu nyingine ya wazi. Kwa hiyo mgonjwa apimwe kwanza: malaria, UVIKO, na VVU kwa kila mmoja, kwa ridhaa yake. Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa yenye maambukizi makubwa ya VVU nchini, na kijana mwenye kikohozi kikavu cha wiki kadhaa na oksijeni inayoanguka akitembea anaweza kuwa na nimonia ya pneumosistisi, inayowashika walioshuka kinga. Huyo anahitaji kotrimoksazoli ya dozi kubwa, yaani kwa mtu wa kilo 60 vidonge vinne vya miligramu 480 mara tatu kwa siku kwa siku 21, na yeye ndiye anayefaidika na steroidi ya prednisoloni. Makohozi yapelekwe kupimwa kifua kikuu bila kusubiri.

Dawa ya virusi vya mafua, oseltamiviri, hutolewa miligramu 75 mara mbili kwa siku kwa siku tano, kapsuli kumi tu. Hufanya kazi zaidi ikianza ndani ya saa 48, lakini mgonjwa aliyelazwa apewe hata akichelewa, mjamzito naye vilevile. Tunaomba iwemo kwenye oda za Bohari ya Dawa, matawi ya Mbeya na Iringa, kabla ya Mei, angalau dozi 20 kwa kila hospitali ya wilaya na 5 kwa kila kituo cha afya kwa kuanzia. Pamoja nayo, mgonjwa mahututi achomwe seftriaksoni gramu 2 na kupewa azithromaisini miligramu 500 kabla hajapakiwa kwenye gari. Stafilokokasi akishukiwa, iongezwe kloksasilini. Homa ishushwe kwa parasetamoli, isiyozidi gramu 4 kwa siku. Aspirini isipewe mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 mwenye mafua au tetekuwanga, kwa sababu ya hatari ya kuharibu ini na ubongo.

Tetekuwanga tunaitaja makusudi. Kwa mtoto hupita. Kwa mtu mzima, hasa mjamzito na mvutaji sigara, inaweza kuingia mapafuni kati ya siku ya kwanza na ya sita baada ya vipele kutokea. Mtu mzima aanze asikloviri miligramu 800 mara tano kwa siku ndani ya saa 24 za vipele, na akianza kukohoa au kuhema alazwe apewe ya mshipa, miligramu 10 kwa kilo kila saa nane.

Wengine wa kuangaliwa mapema ni wachimbaji wadogo wa Chunya ambao mapafu yao yamekwishajaa vumbi la mawe, wenye pumu, wenye seli mundu, na waliowahi kuugua kifua kikuu. Kisha kuna mahali vijana wanapolala wengi pamoja: mabweni ya sekondari, makambi ya JKT, kambi za wavuna chai Mufindi na Rungwe. Huko tunaomba kila matroni na patroni apewe oksimeta moja na kufundishwa kwa nusu siku, vitanda viachane mita moja, na dirisha moja la juu libaki wazi usiku hata kama ni Julai. Mwanafunzi mwenye mafua apimwe asubuhi na jioni hadi siku ya saba, siku ya nne na ya tano kwa umakini zaidi.

Usafiri wa rufaa tayari una mfano mzuri. Mfumo wa m-mama, kwa simu 115, umewafikisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga hospitali kwa madereva wa jamii waliosajiliwa na kulipwa. Kijana mwenye oksijeni ya 80 hana namba ya kupiga, na ndugu zake huanza kuchangishana mafuta. Halmashauri zinaweza kutenga fungu dogo na kuruhusu waratibu wale wale wapokee simu ya mgonjwa yeyote aliye chini ya 90.

Na fedha: mwaka wa fedha huanza Julai 1, baridi ikiwa imeshashika. Kitu kilichoingizwa kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri kwa ajili ya msimu huo hufika msimu ukiwa umeisha. Kwa hiyo vifaa hivi vitengewe fedha za robo ya Januari hadi Machi, au vinunuliwe kwa mapato ya vituo vyenyewe.

Tunaomba wiki ya kwanza ya Mei kila Mganga Mkuu wa Wilaya atume timu kila kituo ifanye mambo haya mbele ya mganga mfawidhi: iwashe mashine ya oksijeni kwa dakika 30 na kupima usafi wake, ifungue mtungi na kusoma geji, ihesabu barakoa zenye mfuko za watu wazima, ipime kidole cha mtumishi mzima na kuandika namba ya kawaida ya mwinuko wa pale, na imsimamie muuguzi wa zamu akihesabu pumzi za mtu kwa dakika nzima. Matokeo yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri, kituo kwa kituo, kabla ya Mei 31.

Wenu katika kazi,

Matabibu, wauguzi na madaktari wa Nyanda za Juu Kusini